Siku Nzima Tororo

Juzi dukani, kijana alichukua mche wa sabuni ya buluu, akaulaza kaunta na kuukandamiza kisu cha mkate. Sabuni ikapasuka vibaya, kipande kimoja kikaruka chini, naye akakiokota na kukipangusa kwenye suruali. Nikajikuta namwambia, "Uzi, mwanangu. Sabuni haikatwi kwa kisu." Aliniangalia vile wanavyotuangalia wazee tunaofundisha watu kazi zao. Nikalipa, nikaondoka. Ile harufu lakini ilikuwa imeshanishika, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimerudi Tororo, mashariki mwa Uganda, Desemba 1974, nimesimama nyuma ya Mama na mikono inayoteleza.

Safari yenyewe, ninyi mliokulia reli wengi mnaijua. Baba fundi wa injini za reli Nakuru, Kenya, Bibi yuko Soroti, Uganda, na Krismasi ikikaribia inatoka pasi ya reli, Mama na watoto kusafiri bure daraja la tatu. Baba mwenyewe alibaki, injini hazina sikukuu. Tulipanda jioni. Usiku tukavuka Timboroa, juu kule ambako reli inapita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ambako blanketi moja la watoto watatu huwa chanzo cha vita. Alfajiri tukawa Malaba, mpakani, na jua lilipochomoza vizuri tukashuka Tororo. Treni ikaendelea na safari yake ya Kampala. Sisi tukabaki jukwaani na vikapu.

Treni ya kaskazini, ile ya Mbale, Kumi, Soroti na mbele huko hadi Pakwach, ilikuwa ya usiku. Siku nzima ilikuwa mbele yetu.

Baba alikuwa na maneno yake kuhusu njia hiyo. Alizaliwa Soroti, basi hakuacha kumkumbusha yeyote aliyetoka Kampala kwamba treni ya kutoka pwani iliingia Soroti mwaka 1929, na Kampala ikasubiri hadi 1931. "Walikuwa wanatuangalia sisi tukipanda," alikuwa akisema, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na tiketi mkononi. Kwake Tororo palikuwa mahali pa heshima, reli zinapoachana. Kwangu mimi palikuwa mahali pa kungoja, na nilipachukia. Unakaa kwenye benchi, unahesabu mabehewa ya saruji, unaenda msalani, unarudi, jua liko palepale.

Abiria wengine wa kaskazini walijilaza kwenye varanda ya stesheni, khanga usoni. Baadhi ya wanaume walipotea kuelekea kwenye pombe na wakarudi jioni wakiimba. Mama hakulala hata kidogo. Kabla moshi wa treni ya Kampala haujapotea, alikuwa ameshavuka reli na vikapu viwili, mtoto mgongoni, sisi nyuma, kuelekea landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mke wa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na Baba alikuwa na chumba pale, chenye mwembe mbele ya mlango. Walisalimiana kwa kirefu, habari za watoto, habari za wazee, nani amehamishiwa Kasese. Chai ilikuja bila sukari. Hakuna aliyeitaja sukari, na sisi tulikuwa tumeonywa tangu Nakuru tusiitaje.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa hali. Wahindi walikuwa wamefukuzwa miaka miwili nyuma, 1972, na kwenye barabara kuu ya Tororo majina yao bado yalisomeka kwenye plasta juu ya milango, pamoja na mwaka duka lilipojengwa. Ndani mlikuwa na wenye mali wapya, mafuta mingi kama watu walivyowaita, na nyuma yao rafu. Rafu tupu. Nakumbuka duka moja lenye makopo ya rangi peke yake, yamepangwa kwa nafasi kubwa katikati ili yaonekane mengi. Sukari, chumvi, sabuni, vyote vilikuwa vitu vya kuulizwa kwa sauti ya chini. Watu walifulia majani ya mpapai. Walifulia maji ya majivu.

Kwenye vikapu vya Mama, chini ya nguo za mtoto na mkate wa Bibi, ilikuwamo miche ya sabuni kutoka Nakuru, kila mmoja umefungwa gazeti.

"Nyinyi wawili," akatuambia mimi na kaka yangu, "nendeni mkapande jiwe. Mkiona moshi upande wa Mbale, shukeni."

Hata sisi tulijua kwamba moshi wa treni ya usiku hauonekani asubuhi. Lakini mtoto anayeruhusiwa kupanda jiwe la Tororo habishani. Mnalijua lile jiwe, limejisimamia peke yake nyuma ya mji, mita 1,483 kileleni, na ukiwa juu hewa ikiwa safi unauona mlima Elgon wote upande wa kaskazini na vilima vya Osukuru karibu, na vumbi la kiwanda cha saruji. Tulipanda, tukaona, tukatupa mawe, tukagombana nani ameona Kenya kwanza, na njaa ikatushusha mapema kuliko Mama alivyopanga.

Tuliwakuta wanawake chini ya mwembe. Wengine wa landhi, wengine wametoka vijijini na vikapu kichwani. Walizungumza mambo ya kawaida kabisa, mvua na ndoa, huku macho yote yakiwa mikononi mwa Mama.

Alikuwa ametandika leso na kulaza mche juu yake. Kipimo chake kilikuwa kiberiti: alikilaza juu ya sabuni kwa urefu, akatia alama kwa ukucha wa kidole gumba, akakisogeza, akatia alama nyingine, hadi mwisho wa mche. Kisha akachukua uzi wa kushonea magunia, akaulowesha kwenye kikombe, akauzungusha kwenye alama na kuzipishanisha ncha. Ncha moja aliing'ata kwa meno, nyingine mkononi, akavuta taratibu. Sabuni ilitoa kilio chembamba sana. Uzi ukazama, ukapotea, kisha ukatokea, na kipande kikaachana na mwenzake bila chembe kudondoka. Uso wa ndani ulikuwa laini, unang'aa, buluu iliyoiva kuliko ya nje. Ndipo harufu ilipotoka, ya mafuta na ya kitu kama dawa, na mwanamke mmoja akavuta pumzi kwa nguvu hadi wenzake wakamcheka.

Nilipewa kazi ya kushikilia mche usizunguke. Kaka alipewa kazi ya kupokea, maana alijua hesabu. Waliokuwa na shilingi walitoa shilingi. Waliokuwa na karanga walizipima kwa kikombe kilekile, na Mama hakubishana nao sana. Vikombe viwili kwa kipande. Bibi mmoja mzee alikuja na mayai matatu kwenye kibuyu. Nadhani Mama alimpa zaidi ya haki yake, ingawa kaka anasema hapana, alimpunja kidogo.

Vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka pale wanawake waliponyamaza. Sikuona sababu hadi nilipoona buti. Askari mmoja, kijana, kofia kaishika mkononi, alikuwa amesimama upande wa pili wa mwembe. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Wawili kati ya wanawake waliondoka bila kukimbia, kwa ule mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

"Habari ya hapa, mama."

"Nzuri, afande. Karibu."

"Unafanya nini?"

"Nangoja treni."

"Treni ya wapi?"

"Ya Soroti."

"Ile ya usiku?"

"Hiyo hiyo."

Aliangalia jua. Aliangalia leso. "Na hii sabuni?"

"Nayo inangoja treni, afande."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa na ncha ya uzi mkononi na uzi umeshazungushwa kwenye alama, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akavuta. Nilikuwa nimeshika mche, kwa hiyo niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kile kipande kilitoka mshazari, nene upande mmoja, chembamba upande mwingine. Ndicho pekee kilichoharibika siku ile.

Askari alichuchumaa. Akakichukua kile kipande cha mshazari, akakigeuza, akakinusa, na sauti yake iliyofuata ilikuwa nyingine kabisa. Aliuliza kama inatoa povu kwenye maji ya chumvichumvi ya kisima. Mama akasema inatoa. Akasema mkewe amejifungua wiki iliyopita, na nepi wanafulia mpapai, mtoto ametoka vipele mapaja yote. Mama akauliza wa kiume au wa kike. Wa kike. Akauliza anaitwa nani. Hawajampa jina. Basi wakaongea vipele kama majirani, Mama akimwambia asitumie majivu kabisa, mafuta ya nyonyo ni bora, na wanawake waliobaki nao wakaingilia, kila mmoja na dawa yake, mpaka yule kijana akachoka kuitikia.

Mama alikata kipande kingine, kilichonyooka, kirefu kuliko kiberiti, akakifunga gazeti na kumpa. Askari akatia mkono mfukoni.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Mkono naukumbuka ukiingia. Kutoka sikumbuki. Kaka, ambaye ndiye aliyekuwa mpokea fedha, anaapa kwamba alilipa, tena kwa noti, na chenji akakataa. Mimi naona noti hiyo kaka aliitia mwenyewe mfukoni mwa askari, miaka mingi baadaye, ili hadithi ikae sawa. Tumebishana juu ya hilo misiba miwili na harusi moja.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Dereva wa injini ya kupanga mabehewa alituachia maji ya moto, ndoo nzima yenye harufu ya chuma, tukaoga nyuma ya landhi, na kwa mara ya kwanza siku ile sabuni ikawa yetu. Tulipanda treni usiku. Vikapu vilivyokuwa vizito kwa sabuni sasa vilikuwa vizito kwa karanga. Nililala kabla ya Mbale na nikaamshwa Soroti, Bibi yuko jukwaani na taa ya chemli. Alipewa mkate wake na miche miwili iliyobakizwa kwa ajili yake, mizima, haijaguswa na uzi.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuuliza swali ambalo mtoto yeyote mwenye akili angeuliza siku ileile. Kutoka Tororo hadi Mbale ni mwendo mfupi wa barabara, na mbele ya Mbale barabara inakwenda moja kwa moja hadi Soroti. Tungeshuka kwenye treni asubuhi, tukapanda basi, na jioni tungekuwa tunakula atap, ugali wa Wateso, kwa Bibi. Kwa nini kungoja siku nzima? Nilimuuliza Baba, tukiwa wawili. Akakuna shavu. "Muulize mama yako. Mwenye safari ni yeye."

Mama alijibu kwamba pasi ilikuwa ya reli, basi lilitaka nauli. Jibu la kweli, na lingetosha kama nisingekuwa nimeshika ule mche.

Kaka analiita jambo lile kwa jina lake: magendo. Yeye ni mhasibu, anapenda kila kitu kiwe na safu yake. Anakumbusha kwamba mwaka uliofuata, 1975, serikali ya Amin ilitoa amri ya makosa ya uchumi, na kwa kuficha bidhaa, kupandisha bei au kuvusha mali, mtu aliweza kupelekwa mbele ya mahakama ya wanajeshi na kuhukumiwa kifo. Kwa vikombe viwili vya karanga. Mimi humjibu kwamba sabuni ilinunuliwa dukani Nakuru kwa fedha halali, na kwamba wakati ule kahawa ya Bugisu ilikuwa inavuka mlima Elgon kwenda Kenya kwa magunia na wenye magunia hawakukaa chini ya mwembe mchana. Kaka anasema hilo si jibu. Huenda kweli si jibu. Nikimfikiria yule askari akiwa na mhemko mwingine siku ile, au mkewe akiwa hajajifungua, nashindwa kumtetea Mama kwa sauti kubwa. Nikizikumbuka zile nepi, nashindwa kumlaumu.

Desemba iliyofuata tulikwenda tena, na Tororo tukangoja tena. Kilichokuwa kwenye vikapu sikukiona, kwa sababu safari hiyo mimi na kaka tulipewa mkate mzima na kuambiwa tukae juu ya jiwe hadi jua lizame.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ikagawanywa pamoja na pasi zake. Tukaanza kupitia Busia, basi hadi mpakani, kuvuka kwa miguu, basi jingine upande wa pili. Sisi watoto tulifurahi, tulikuwa tunafika bado kuna mwanga. Mama peke yake ndiye aliyenung'unika. Alilalamikia vumbi, akalalamikia dereva, na zaidi ya yote akalalamika kwamba basi halikai mahali hata mtu akasalimiana na watu.