Bastola ya miale iliyoundwa kwa chuma, na namna ya kuizeesha

Vijana wanaorekodi filamu fupi ya anga za juu hapa Mtwara walipokuja kuniomba bastola ya miale, ile silaha ya kubuni inayorusha mwanga badala ya risasi, walitegemea nichonge mbao nipake rangi ya fedha. Nikawaambia nitaunda kwa chuma. Sababu yangu ni uchakavu. Mbao iliyopakwa rangi ikikwaruzika inaonyesha mbao, na kamera inaona. Chuma kikikwaruzika kinaonyesha chuma, kwa hiyo kila alama ni ya kweli. Halafu kuna uzito. Mwigizaji aliyeshika kitu cha zaidi ya kilo moja hahitaji kufundishwa namna ya kukishika, mkono wenyewe unajua.

Kazi yangu ya kila siku ni mageti na madirisha, karakana iko Magomeni ya hapahapa Mtwara. Lakini vifaa vya filamu ndiyo mapenzi yangu, na mwalimu wangu mkubwa ni wale walioandaa silaha za filamu ya anga za juu ya Star Wars ya 1977 huko Uingereza. Hawakuunda silaha za ajabu kutoka sifuri. Mpambaji wa seti, Roger Christian, alikwenda kwa Bapty, kampuni ya London inayokodisha silaha kwa filamu, wakachukua bunduki halisi za zamani na kuzibandika vipande vya vitu vingine. Bunduki za askari wenye mavazi meupe ni Sterling za jeshi la Uingereza. Bastola ya Han Solo, mmoja wa mashujaa wa filamu hiyo, ni Mauser C96 ya Kijerumani, aina iliyoanza kutengenezwa 1896, ikaongezewa darubini juu na kizuia mwali cha bunduki ya ndege mdomoni. Mwaka 2022 mojawapo ya bastola hizo iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1. Watu wanashangaa bei, mimi nashangaa zaidi kwamba vitu vile vinaonekana vimeishi. Ni kwa sababu kweli vilikuwa vimeishi, kabla hata ya kufika kwenye kamera.

Nami nikachagua umbo la Mauser. Nilipata kipimo kutoka picha za ubavuni za bastola kamili, yenye mtutu wa milimita 140. Ukishakuwa na urefu mmoja wa uhakika, mengine yote unayapata kwa rula na kugawanya.

Sehemu tamu ya umbo lile ni mbavu zake. Mauser ina vidirisha vilivyozama pande zote mbili, kiwandani vilichongwa kwa mashine ambayo mimi sina. Basi nikaijenga kwa matabaka: bamba la milimita 3 katikati, juu yake bamba la milimita 2 lililokatwa matundu kwa grainda na kumaliziwa kwa tupa. Ukibana matabaka pamoja, tundu la bamba la juu linakuwa kidirisha kilichozama, chenye kona kali kama za kiwandani. Nimechomelea kwa ndani tu. Nje hakuna skrubu hata moja isipokuwa ya mpini, maana bastola halisi ndivyo ilivyo: skrubu yake ni moja, ya kushikia mbao. Ukiweka bolti ubavuni, hata mtu asiyejua silaha atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Mtutu ni nondo nzima, haina tundu. Nyundo na kifyatuo vimechomelewa, havichezi. Hili silifanyii mzaha. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapita na kituo cha polisi kueleza ninachotengeneza na cha nini, na bastola haitoki karakana nje ya boksi. Kama unaishi mjini na unataka kutengeneza ya kwako, anzia hapo.

Darubini ni bomba la kiti cha baiskeli kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Vikombe vyake vya mbele na nyuma, pamoja na koni ya mdomoni, nilikerezewa kwa alumini kwenye mashine ya jirani.

Mpini ndio uliozua mjadala. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa uchongaji, Mmakonde, nikamkuta kazungukwa na magogo ya mpingo.

"Shikamoo babu. Naomba kipande cha mninga."

"Marahaba. Mninga? Mwanangu, uko Mtwara, umekaa mbele ya mpingo, unaniomba mninga?"

Nilimweleza. Mpini wa Mauser ni wa mbao ya kahawia yenye mifereji midogo ya kulala, na mikono inaung'arisha pale panaposhikwa. Mpingo ni mweusi, kando ya chuma cheusi ungepotea machoni. Mninga una wekundu ule wa kahawia, na ukipakwa mafuta unazidi kukolea. Alinipa kipande bure, akanionyesha jinsi ya kuchora mifereji kwa msumeno mwembamba kabla ya kuviringisha kingo. Ukiviringisha kwanza, msumeno unateleza.

Sasa weusi wa chuma. Dawa za dukani za kutia chuma weusi huku sikuziona, lakini kutu huku pwani hatuitafuti. Nilitumia njia ya zamani ya mafundi silaha: unakiacha chuma kishike kutu kisha unaichemsha. Chuma kinaoshwa kwa sabuni, kinafutwa kwa thina, na baada ya hapo hakiguswi kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole itabaki milele. Unapaka siki yenye chumvi kidogo, nyembamba sana, unakitundika mahali penye unyevu. Kwa hewa yetu ya baharini, jioni unakuta kimevaa vumbi laini la rangi ya mdalasini. Unakitia kwenye sufuria la maji yanayotokota, na hapo ndipo napapenda kuliko pote: wekundu unageuka mweusi mbele ya macho yako. Ni kutu ileile, imebadilika kuwa oksidi nyeusi inayong'ang'ania chuma badala ya kukila. Unasugua kwa brashi ya waya laini, unarudia, na kila raundi weusi unaongezeka kina. Maji yawe ya mvua. Ya kisima yana chumvi, yanaacha mabaka.

Baada ya hapo ndipo kuzeesha kunapoanza. Wengi hushika msasa wakakwaruza kila kona sawasawa, matokeo yake kitu kinaonekana kimekwaruzwa, hakionekani kimetumika. Mimi nilimpaka mwigizaji chaki mikononi. Nikamwambia aichomoe kwenye ala, alenge, ailaze mezani, airudishe, mara nyingi bila kufikiri. Chaki nyeupe juu ya chuma cheusi ikanichorea ramani. Yeye ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo akiilaza, inalalia ubavu wa kushoto: kingo za ubavu huo nikazifikisha hadi chuma cheupe, wa kulia nikaugusa kidogo tu. Mdomoni mikwaruzo inafuata urefu wa mtutu, kwa kuwa ala inasugua kwa urefu. Ndani ya vidirisha sikugusa kabisa. Humo mkono haufiki, kunakaa uchafu, hivyo nikatia masizi yaliyochanganywa na mafuta kisha nikafuta juu. Alumini ya darubini nilipaka rangi nyeusi nikaimenya kingoni, ikatoa weupe tofauti na wa chuma, na tofauti hiyo inasema ni kifaa kilichoongezwa baadaye.

Ala ameshona fundi viatu wa sokoni kwa ngozi nene. Ni nzuri, lakini ngozi inatunza unyevu, na ukiiacha bastola humo usiku kucha kwa hewa hii ya Mtwara, kutu nyekundu itarudi. Basi vijana wangu wa filamu, baada ya kurekodi ichomoeni, ifuteni jasho, mpake mafuta ya cherehani, mwiviringishe kwenye kitambaa kikavu. Ala ikae peke yake.