Taarifa ya saa tatu usiku

Jumanne ya tarehe 18 Oktoba 2016 nilikuwa zamu ya usiku katika chumba cha habari cha redio moja jijini Nairobi, nikitafsiri habari za kimataifa kwa ajili ya taarifa ya saa tatu. Habari ya tatu katika orodha yangu ilitoka Tehran: Siamak Namazi, mfanyabiashara mwenye uraia wa Iran na wa Marekani, pamoja na baba yake Baquer, mzee wa miaka 80, walikuwa wamehukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja kwa kosa la kushirikiana na serikali adui, yaani Marekani. Nilikuwa na sekunde 30 tu za kuieleza. Nikaandika: “Majasusi wawili wa Marekani wafungwa miaka 10 nchini Iran.” Msomaji akaisoma kama nilivyoiandika, na mimi nikaendelea na habari iliyofuata.

Hazikupita dakika 10 simu yangu ikalia. Alikuwa mama, akipiga kutoka Kilifi, ambako aliishi tangu alipostaafu uuguzi, na ambako taarifa ya saa tatu hakuikosa hata siku moja kwa sababu alijua ni mkono wangu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, nani amesema kwamba wale ni majasusi?”

Nilimjibu kwamba ni mahakama. Akaniuliza hiyo mahakama imesema wapi, na hapo ndipo nilipolazimika kuirudia karatasi niliyokuwa nimeipitia mbiombio. Kesi ilisikilizwa katika Mahakama ya Mapinduzi, faraghani. Habari ya hukumu ilitolewa na shirika la habari la Mizan, ambalo ni mali ya idara ya mahakama yenyewe ya Iran, na muda mfupi kabla ya hapo shirika hilo hilo lilikuwa limetoa video iliyoonyesha pasipoti ya Marekani ya Siamak, kisha Siamak mwenyewe akiwa amesimama na mikono ameinyoosha, kisha picha za mabaharia wa Marekani waliokamatwa na Iran mwezi Januari mwaka huo. Mtu yeyote aliyeitazama alikuwa ameshaelekezwa la kufikiri kabla hajasikia ushahidi hata mmoja. Jina la shirika lile ni neno letu lile lile, mizani. Nami nilikuwa nimepima kwa upande mmoja tu na kutangaza uzito.

“Na huyo mzee,” mama akauliza, “alikuwa akifanya kazi gani?”

Hilo lilikuwepo kwenye karatasi, nami nililikata ili kuokoa sekunde. Nikamwambia kwamba alikuwa mfanyakazi wa UNICEF, na kwamba aliwahi kuliwakilisha shirika hilo Somalia, Misri na hapa kwetu Kenya. Mama alinyamaza. Ni mwanamke aliyetembea miaka mingi na kisanduku baridi cha chanjo begani, akipima watoto chini ya miembe, na jina la UNICEF kwake halikuwa jina la kwenye habari, lilikuwa limeandikwa kwenye kadi na vifaa alivyoshika kila siku. Hakumjua yule mzee. Alisema neno moja tu: “Na hilo hukulisema.”

Baada ya kukata simu nilisoma kila nilichoweza kukipata. Siamak alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta huko Dubai. Alikamatwa Tehran Oktoba 2015, miezi mitatu baada ya Iran kufikia makubaliano ya nyuklia na mataifa makubwa, wakati kampuni za kigeni zilipoanza kuizungukia nchi ile na vyombo vya habari vilivyo karibu na Walinzi wa Mapinduzi, jeshi maalumu la Iran, vikipiga mbiu kila siku kuhusu “upenyaji” wa Marekani. Mfanyabiashara mwenye pasipoti mbili, anayejuana na watu wa pande zote, aliingia katika hadithi hiyo kana kwamba imeshonwa kwa kipimo chake. Baba alirudi Iran Februari 2016 kwa ajili ya mwanawe, naye akakamatwa. Kwa kuwa Iran haiutambui uraia pacha, hapakuwa na ubalozi uliokubaliwa kuwatembelea gerezani Evin. Mambo haya yote yalikuwa yakijulikana saa tatu usiku.

Nilimwendea mhariri wa zamu nikamwambia kwamba nimekosea, na kwamba kwa taarifa ya saa sita ninataka dakika nzima. Alisita, akisema hukumu ni hukumu na kwamba hakuna msikilizaji aliyelalamika. Nilimwambia yupo mmoja. Saa sita nilikaa studio nikaisoma mwenyewe: kwamba mahakama imewatia hatiani, kwamba kesi ilikuwa ya faragha, kwamba familia inakanusha, kwamba mzee alilitumikia shirika la watoto katika nchi yetu. Neno majasusi sikulitumia. Mwaka uliofuata, jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza watu kushikiliwa kiholela lilisema kwamba kuzuiliwa kwao hakukuwa na msingi wa kisheria, nami nilifurahi kidogo mno, kwa sababu jopo lilikuwa na miezi na mafaili, ilhali mama alikuwa na redio tu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2022, Baquer Namazi, akiwa mgonjwa, aliruhusiwa hatimaye kuondoka Iran, akapelekwa Oman. Nilimpigia mama nikamweleza.

“Na kijana wake?” akauliza.

Nilimjibu kwamba ametolewa kwa ruhusa ya muda. Wiki iliyofuata alirudishwa Evin, na kwa karibu mwaka mzima mama hakuacha kuniuliza. Tarehe 18 Septemba 2023 ndege ya Qatar ilitua Doha ikiwa na Wamarekani watano walioachiliwa katika makubaliano yaliyohusisha pia Wairani watano na dola bilioni 6 za Iran zilizokuwa zimezuiliwa Korea Kusini. Siamak alikuwa miongoni mwao, baada ya karibu miaka minane. Niliisoma habari hiyo mimi mwenyewe, polepole. Nilipotoka studio, nilikuta mama ameshapiga mara mbili.