Jinsi tulivyoifufua minibaiki mimi na wanangu

Ukitaka kutengeneza minibaiki, yaani pikipiki ndogo ya kimo cha mtoto, pamoja na watoto, tafuta iliyokufa kabisa. Yenye hitilafu ndogo utaimaliza peke yako jioni moja, na watoto watabaki na kazi ya kuipanda tu. Yetu ilikuwa imelala stoo miaka mingi. Fremu yake ya mabomba ya chuma ilikuwa imeota kutu, cheni imekakamaa, tairi zimepasuka ubavuni, na ndani ya tangi kulikuwa na kitu cheusi kinachonuka kama vanishi. Injini ndiyo iliyonipa mawazo zaidi. Ukivuta kamba ilizunguka laini mno, haina ubishi hata kidogo. Injini yenye afya hukataa kuzungushwa kirahisi hivyo.

Nilizitamani pikipiki hizi tangu nikiwa na umri wa mwanangu mdogo, miaka 9. Nilikuwa nazichora kurasa za nyuma za daftari la hesabu: kwanza magurudumu mawili manene, halafu fremu, halafu injini katikati, na kila mara nilikwama kwenye injini kwa sababu sikujua waya upi unakwenda wapi. Kilichonivuta hakikuwa mwendo. Kilikuwa kimo. Pikipiki ya watu wazima nilikuwa naitazama tu ikipita, lakini hii ilipimwa kwa mwili kama wangu. Miguu ingefika chini, mikono ingefika kwenye usukani, na mashine yote ilikuwa wazi, hakuna kilichofichwa nyuma ya plastiki. Niliamini kwamba nikiipata nitaielewa yote. Sikuipata utotoni, na hamu ile haikwisha. Nimekuwa mtu mzima bado nikisikia injini ndogo inaunguruma mbali, nageuka.

Kwa hiyo iliponifikia hatimaye, nilijua nataka nini. Nilitaka binti yangu wa miaka 12 na mdogo wake wafike pale ambapo michoro yangu ilikuwa inakwama. Nikaweka sharti moja tangu mwanzo: spana inashikwa na mtoto. Mimi nashika taa, nashika kitambaa, nashika upande wa pili wa bolti iliyogoma. Ni sharti gumu kulishika. Kuna wakati mtoto anahangaika na nati ambayo wewe ungeilegeza kwa sekunde, na vidole vinakuwasha. Rudisha mikono mfukoni. Ile nati ikilegea mkononi mwake, utaona anavyoitazama.

Tulianza na msasa, kazi inayochosha na isiyokwisha, na hapo hadithi zilisaidia. Niliwaambia kwamba pikipiki ndogo haikuanza kama kitu cha kuchezea. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na Welbike, iliyotengenezwa na kiwanda cha Excelsior cha Birmingham. Ilikuwa na injini ya Villiers ya sentimita za ujazo 98, na ilikunjwa ikaingia kwenye kontena la kudondoshwa kwa parachuti pamoja na askari. Mwaka 1961 Honda wakatengeneza Z100 kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech, Tokyo, na ndiyo mzazi wa pikipiki ndogo zote za Honda ziitwazo Monkey. Mwaka 1967 ikaja Z50M, yenye usukani unaokunjwa ili ienee kwenye buti ya gari. Na Marekani, miaka hiyohiyo ya 1960, watu walikuwa wanachomelea mabomba wenyewe na kufunga injini za mashine za kukatia majani. Yetu ni ya ukoo huu wa mwisho: injini ya nguvu za farasi 5, ya kuvuta kwa kamba, haina gia wala springi za kukalia.

"Baba, kwa hiyo injini hii inaweza kukata majani?" mdogo aliuliza.

"Inaweza. Injini haijui imefungwa wapi."

Alikaa kimya akisugua, kisha akataka kujua kwa nini basi tusiifunge kwenye baiskeli yake. Hapo nilijua amenasa.

Injini ndogo inahitaji mambo matatu ili iwake: kompresheni (mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya silinda), cheche, na mafuta yenye hewa kwa kipimo chake. Wanangu waliyaandika ukutani kwa chaki, kwa mpangilio huohuo. Mpangilio una maana, kwa sababu wengi hukimbilia kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, wakati tatizo liko kwingine, nao hufungua na kufunga mpaka nyuzi za skrubu zinakwisha. Kompresheni ndiyo ya kwanza kuulizwa kwa sababu ikikosekana, hayo mengine mawili ni bure.

Kuna kipimo kisichohitaji geji. Unaikamata flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na kuizungusha kwa nguvu kinyume na mwelekeo wake wa kawaida. Kompresheni ikiwepo, flaiwili inagonga kama mpira na kurudi. Yetu haikurudi. Ilizunguka tu. Tukafungua bolti za kichwa cha silinda, na hapa ndipo ninapozipenda sana hizi injini za zamani zenye valvu, vile vizibo vya kuingizia hewa na kutoa moshi, pembeni mwa pistoni. Ukishatoa kichwa, kila kitu kiko mbele ya macho: pistoni, na kando yake valvu mbili zimekaa kama sahani kwenye sakafu ya chuma. Binti alizungusha flaiwili polepole huku mdogo wake ameinamisha uso karibu kabisa. Pistoni ikapanda, ikashuka. Valvu moja ikainuka, ikalala. Nyingine ilibaki imeinuka, haijali.

"Hii imekwama, Baba," mdogo alisema. "Ndiyo inayotoa pumzi nje."

Sikumwambia. Aliona mwenyewe. Ilikuwa valvu ya moshi, imeshikwa na kutu na masizi kwenye shina lake baada ya kukaa muda mrefu ikiwa wazi. Tulidondoshea mafuta ya kulainisha kutu, tukaiacha usiku kucha, kesho yake tukaigonga taratibu kwa mpini wa mbao mpaka ikashuka. Ikapanda, ikagoma tena, tukaongeza mafuta. Baadaye tukabana springi, tukaitoa, tukasafisha shina, kisha tukasaga uso wake kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia, ile yenye chembe nyororo. Unaizungusha huku na huku kati ya viganja, unainua, unageuza kidogo, unarudia. Kazi hii waliipokezana, na waligundua wao kwamba sauti hubadilika: mwanzoni inakwaruza, baadaye inanong'ona. Ukifuta dawa unaona pete ya kijivu iliyolingana pande zote. Ile pete ndiyo unayoitafuta. Masizi juu ya pistoni tuliyakwangua kwa kijiti cha mbao, maana chuma kingeikwaruza alumini.

Gasketi mpya, kichwa kikarudi, bolti zikakazwa kidogo kidogo kwa kuvuka kona hadi kona, si kwa kuzunguka duara. Ukikaza upande mmoja kwanza kichwa hupinda. Kisha mdogo akazungusha flaiwili kinyume, nayo ikamrudishia mkono.

Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Cheche haikutusumbua sana. Chini ya flaiwili kuna pointi, vile vidole viwili vya chuma vinavyokata na kuunga umeme wa cheche, zilizoota ukungu wa kijani. Tulizisugua kwa msasa laini, tukapitisha kadi safi kutoa unga, tukaweka nafasi ya nusu milimita zinapokuwa wazi. Plagi mpya ikapewa nafasi ya milimita 0.75. Koili, inayozalisha umeme wa cheche, inatakiwa isimame karibu na sumaku za flaiwili bila kuzigusa, na kipande cha kadi ngumu katikati kinatosha kama kipimo: ingiza kadi, acha sumaku ivute, kaza, chomoa. Tukapima kwa kuilaza plagi juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake, ndani ya kivuli. Binti alivuta kamba, cheche ya buluu ikaruka na kutoa mlio mdogo mkavu.

Mafuta yalitaka uvumilivu. Ndani ya kabureta, petroli ya zamani ilikuwa imeganda na kuziba jeti, tundu dogo ambalo unapaswa kuliona ukilielekeza kwenye mwanga. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano, shaba ya jeti ni laini na tundu likipanuka kipimo kimeharibika. Tangi tulilijaza siki na kutia nati ndogo ndani, tukalitikisa kwa zamu na kuliacha usiku. Hesabuni nati mnapozitia na mnapozitoa, maana moja ikibaki itawasumbua. Baada ya siki, maji ya magadi ya kuua tindikali, kisha kulikausha kabisa, na chujio jipya kwenye bomba.

Kabla ya kuwasha, minibaiki ilipandishwa juu ya mbao, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na kifuniko cha cheni kimefungwa. Cheni ya kifaa hiki haina huruma na vidole, na kwangu hilo halikuwa na mjadala: injini ikiwaka, hakuna mkono unaovuka mstari niliouchora sakafuni, na swichi ya kuzima inajaribiwa kabla ya kamba kuvutwa. Oili mpya ilishatiwa, maana injini hizi hazina pampu. Kuna kijiko tu chini ya konrodi, ile fimbo inayosukumwa na pistoni, kinachorusha oili huku na huku, na ikipungua hakuna kitakachokuonya.

Mdogo aliomba avute yeye. Alishika kamba kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye fremu. Choki, kibati kinachopunguza hewa ya kabureta, imefungwa. Injini ikakohoa, ikatema moshi kidogo. Dada yake akasogeza choki nusu bila kuambiwa. Akavuta tena. Ikakamata! Moshi wa buluu ukajaa, mlio ukapanda, kisha ukatulia kwenye mdundo wake. Binti alipovuta mkono wa mafuta, viatu vya klachi vikatanuka, vikaishika ngoma inayovizunguka, na gurudumu likaanza kuzunguka. Aliachia, likasimama, injini ikiendelea kunguruma. Alirudia mara nyingi sana. Nilikuwa nimemweleza klachi ile kwa mchoro na hakuielewa. Hapo alielewa.

Kuhusu mwendo, niliwaachia hesabu. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno 12, ya nyuma 60, yaani injini inazunguka mara 5 gurudumu likizunguka mara moja. Gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi mwendo wake, huishikilia kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Walipima mzingo wa tairi kwa uzi, wakapata karibu mita moja. Binti akapata mizunguko 720, mita 720 kwa dakika, zaidi ya kilomita 43 kwa saa. Alimtazama mdogo wake, akasema ni nyingi kwake. Tukafunga sproketi ya nyuma yenye meno 72, mwendo ukashuka hadi kama kilomita 36, na kwenye mlima ikawa na nguvu zaidi. Juu ya hapo tukaweka skrubu inayozuia mkono wa mafuta usifunguke wote wakati mdogo anaendesha. Utasikia watu wakishauri kuitoa gavana ili ikimbie. Kwa minibaiki ya watoto, usiiguse. Flaiwili na konrodi za injini hizi hazikutengenezwa kwa mizunguko ya juu kuliko hiyo, na chuma kikipasuka kiko kati ya miguu ya mwanao.

Breki ndiyo iliyotukawiza mwisho. Bendi, ule ukanda unaobana na kusimamisha gurudumu, ilikuwa imelowa oili, ikabidi tuibadilishe na kuurekebisha waya mpaka gurudumu likwame kwa nguvu za kiganja cha mtoto, si cha kwangu. Tulikuwa na uwanja uliozungushiwa, helmeti zinazokaza, viatu vilivyofunika vifundo, na barabarani haitoki.

Niliipanda wa mwisho. Magoti yalifika karibu na viwiko na fremu ikalalamika kidogo, lakini ilinibeba. Nilizunguka uwanja nikiisikia ile valvu tuliyoisaga, nikijua sauti ipi inatoka wapi, na nilikuwa na furaha ileile niliyokuwa naitafuta nikichora nyuma ya daftari. Niliporudi, binti hakuniuliza nimeionaje. Alishika tairi la nyuma, akalitikisa, akasema cheni imelegea, na spana ilikuwa tayari mkononi mwake.

Sasa wana injini ya pili mezani, wameipata wenyewe kwa jamaa yetu. Mdogo anataka waanze na rangi. Dada yake ameandika ukutani maneno yaleyale matatu na kuiweka rangi chini kabisa, nao wanaendelea kubishana huku kichwa cha silinda kimeshafunguliwa.