Uzoefu Wangu: Kupanga Michezo ya Vyuo Vikuu Kisumu

Kazi yangu kwenye michezo ya vyuo vikuu ni ratiba, na hapa Kisumu ratiba haianzii uwanjani, inaanzia angani. Mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma, mawingu yakajikusanya upande wa milima ya Nandi, na kuanzia saa tisa mvua ya radi inaweza kushuka hata katika mwezi ambao si wa masika. Kwa hiyo mchezo wowote wa nje naupa muda wa asubuhi hadi saa nane mchana, basi. Baada ya hapo ni michezo ya ukumbini pamoja na mechi zilizokatizwa. Wageni wakiona jioni imeachwa wazi hudhani waandaaji ni wavivu. Wakinyeshewa siku moja hunyamaza.

Hesabu yenyewe naifanya hivi. Chukua voliboli, timu 12 za wanaume. Mameneja wengi watakuomba makundi mawili ya timu sita, kwa sababu hakuna anayetaka kusafiri kutoka mbali aje acheze mechi mbili na kurudi. Kundi la timu sita lina mechi 15 (sita mara tano, gawanya kwa mbili). Makundi mawili ni 30, ongeza nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, unapata 34. Mechi ya seti tano naitengea muda wa saa mbili kamili, kwa hiyo kiwanja kimoja kinabeba mechi tatu kabla ya mvua: saa mbili, saa nne na saa sita. Kwa viwanja viwili unapata mechi sita kwa siku. Makundi peke yake yamekula siku tano, nusu fainali ya sita, fainali ya saba, na wanawake bado hujawagusa.

Ukigawa makundi manne ya timu tatu tatu, mechi za makundi ni 12, robo fainali nne, nusu fainali mbili na mbili za mwisho: jumla 20, siku tano na pumziko ndani yake. Ubaya wa kundi la tatu ni kwamba kuna timu moja inayokaa huku nyingine mbili zikimalizia, na hao wawili wakijua matokeo yanayowafaa wote, wanaweza kupatana. Dawa yake ni kuacha mpangilio wazi: anayeshindwa mechi ya kwanza ndiye anayecheza mechi ya pili na timu iliyopumzika, na aliyeshinda anasubiri ya tatu. Liandike hilo kwenye kanuni mapema, si baada ya mtu kulalamika.

Wanawake na wanaume nawapa viwanja tofauti kutwa nzima. Neti ya wanaume iko mita 2.43, ya wanawake 2.24. Nguzo nzuri unashusha kwa dakika chache; nguzo zenye kutu, ambazo ndizo nyingi mashuleni, zinahitaji spana, mafuta na vijana wawili, na hapo mechi ya saa nne imekuwa ya saa tano.

Riadha naipeleka Mamboleo, kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta. Mbio za mita 10,000 zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 tu, na joto lake si la Eldoret. Ukiwapanga wakimbiaji saa tano utawaokota njiani. Mbio fupi na kuruka urefu pia ziende kabla ya adhuhuri, kwa sababu upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, rekodi haikubaliwi, na mwanafunzi anayetafuta muda wa kufuzu hatakusamehe. Mbio za kuruka maji na viunzi zina mtego wake: dimbwi linameza zaidi ya lita 3,000. Lijazwe kwa boza jana yake, likaguliwe kama linavuja, ndipo ulale. Kiunzi nacho hubadilishwa kutoka sentimita 91.4 za wanaume hadi 76.2 za wanawake, kwa hiyo usizipange mbio hizo mbili zikifuatana papo hapo.

Radi si jambo la kujadiliana na kocha. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, refa anasimamisha mchezo na watu wote wanaondoka. Hakuna kurudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza kuhesabu upya. Waende ndani ya jengo lenye kuta au ndani ya basi lililofungwa, si chini ya mwembe wala chini ya hema. Mabasi hayo yaegeshwe kwenye moramu. Udongo mweusi wa upande wa Kano ukilowa, basi la abiria 62 halitoki bila trekta.

Kuhusu kulaza watu, wenyeji wengine wamejaribu mengi. Kwenye Universiade, michezo ya dunia ya vyuo vikuu, ya Napoli mwaka 2019 sehemu ya wanamichezo walilala kwenye meli za abiria bandarini, na michezo ya Rhine-Ruhr ya mwaka 2025 nchini Ujerumani ilitawanywa katika miji kadhaa. Meli za namna hiyo hatuna, lakini kutawanya tunaweza. Sharti ni moja: hamisha mchezo mzima pamoja na malazi yake. Soka ikienda Bukhungu, Kakamega, timu za soka zilale Kakamega. Kuwasafirisha kila siku ni kununua uchovu kwa bei ya dizeli.

Hata Maseno, ambako hosteli za chuo ni nyingi, hesabu inabana. Mechi ya saa mbili mjini inataka basi liondoke saa kumi na mbili kasorobo: saa moja ya barabara, dakika 45 za kupasha mwili, na salio la msongamano. Chai iwe mezani saa kumi na moja, maana yake wapishi wanawasha majiko saa tisa usiku. Jumapili ongeza nusu saa zaidi kwa anayepitia Kibuye, kwa kuwa soko hufurika hadi barabarani. Na ukiwa bado hujatangaza tarehe, tazama kwanza kama klabu ya soka ya Gor Mahia ina mechi mjini.

Maji naweka lita 50 kwa mtu kwa siku. Watu 600 ni lita 30,000, yaani matangi matatu ya lita 10,000 yaliyojaa kila asubuhi. Tatizo halisi ni saa kumi na mbili jioni, wote wanapooga pamoja na pampu ya ghorofa ya juu kushindwa. Timu za ukumbini zinazorudi usiku zilazwe ghorofa za juu, wale wa asubuhi chini.

Malaria iko hapa mwaka mzima. Kila kitanda kiwe na neti yenye dawa, na kitanda cha ghorofa kinahitaji mbili. Waandikie madaktari wa timu mapema: doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kuondoka, nayo hufanya ngozi iungue jua haraka, jambo baya kwa anayekaa uwanjani mchana kutwa.

Ukaguzi wa wachezaji ufanyike kabla ya kupanga makundi. FISU, shirikisho la kimataifa la michezo ya vyuo vikuu, inataka mwanafunzi awe na miaka 18 hadi 25 kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano, na michezo mingi ya kanda hufuata mkondo huo. Waganda na Wanyarwanda wanaruhusiwa kuingia kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo usisubiri pasipoti. Dai barua ya msajili wa chuo yenye picha na mhuri. Timu ikifutwa baada ya mechi ya pili, jedwali zima la kundi linavurugika na rufaa zinaanza.

Mkataba wa hosteli uandikwe kwa kitanda kwa usiku, si kwa jengo zima. Timu zinazotolewa kwenye makundi huondoka siku ya tatu au ya nne, na vitanda vyao havina sababu ya kulipiwa hadi fainali.