Viazi vyangu na maji ya moto

Nilitaka wanafunzi wangu waone kwamba joto huharakisha osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka; ndivyo kiazi kilichotiwa majini huongezeka uzito. Tulikata vipande vya kiazi mviringo, tukavipima, tukavitia kwenye glasi za maji ya nyuzi 20, 30, 40 na 70 kwa nusu saa. Matokeo yalinivuruga: vya 30 na 40 havikutofautiana, na vya 70 vililegea vikapungua uzito.

Kosa la kwanza lilifichuliwa na kipimajoto. Glasi ya nyuzi 40 ilikuwa imepoa hadi 31 kabla muda haujaisha! Sasa glasi hukaa ndani ya sufuria yenye maji ya joto lilelile, na mwanafunzi mmoja huongeza ya moto kidogo kidogo. Vipande hutoka kwenye kiazi kimoja, hufutwa sawasawa kabla ya kupimwa, nasi hulinganisha asilimia ya ongezeko badala ya gramu.

La nyuzi 70 halikuwa kosa la upimaji hata kidogo. Joto hilo huharibu utando wa seli, vilivyomo vikavuja, na bila utando unaochuja hakuna osmosisi. Glasi hiyo nimeiacha makusudi, kwa sababu wanafunzi huiulizia kuliko zote. Kutoka 20 hadi 40, uzito sasa unapanda vizuri.