Jinsi nilivyozuia maboksi ya nduthi kupasukia kwenye bolti

Boksi la faibaglasi halifii katikati, hufia kwenye bolti. Karibu kila boksi la nduthi (pikipiki) lililoletwa kwangu Kariobangi Light Industries, Nairobi, lilikuwa zima juu, rangi bado inang'aa, lakini chini, pale linaposhikana na karia (kibebeo cha nyuma), matundu yameraruka. Na mwenye boksi hunipa dawa hata kabla sijaligeuza: "Fundi, hapa weka tu bolti kubwa zaidi." Sikubali. Ukipanua tundu bila kubadilisha kitu kingine, umekata nyuzi zaidi na umepunguza nyama iliyobaki hadi ukingoni.

Nguvu ya faiba iko kwenye nyuzi za kioo. Rezini, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, inazishikanisha tu. Drili ikipita, nyuzi zilizokuwa zinabeba mzigo zinakatika, na mzigo unalazimika kupita kandokando ya tundu. Chuma kikizidiwa mahali hujinyoosha kidogo, bolti za jirani zikasaidia. Faiba haina tabia hiyo. Bolti iliyokaa vizuri kuliko wenzake hubeba karibu kila kitu mpaka pale papasuke, kisha inayofuata inapokea adhabu. Kwa hiyo siku hizi nabana boksi na karia pamoja kwa klampu, ndipo natoboa vyote viwili kwa mkupuo mmoja, ili bolti zote nne zianze kazi pamoja.

Kabla ya kurekebisha, nasoma mpasuko. Ukitoka tunduni kwenda pande zote mbili, kukatiza njia ya mzigo, sehemu hiyo ni nyembamba mno kwa upana. Kipande kikichomoka kuelekea ukingoni, tundu lilitobolewa karibu mno na ukingo. Lakini tundu likirefuka kama yai huku pembeni kukiwa kuzima, nafurahi: hiyo ndiyo namna ya kuharibika ninayoitaka, maana inakuja polepole. Boksi litaanza kugonga na kucheza, na dereva atasikia kabla halijaachia Outering Road na mizigo ya watu.

Kazi yenyewe huanzia ndani ya boksi. Naondoa rangi kwa msasa hadi nyuzi zionekane, nafuta vumbi kwa asetoni, halafu naongeza matabaka kuzunguka kila tundu: kitambaa cha kufumwa, kimoja kimenyooka, kinachofuata kimegeuzwa kwa pembe ya digrii 45, na kila tabaka ni dogo kuliko la chini yake ili unene usiishe ghafla. Ukiishia ghafla, ufa mpya utaanzia hapo hapo. Kwa kiraka natumia rezini ya epoksi, hata kama boksi lilijengwa kwa rezini ya poliesta, kwa sababu epoksi hushika vizuri zaidi juu ya faiba iliyokwisha kukauka. Bei yake inauma, lakini kiraka kinachobanduka ni hasara kubwa zaidi.

Ikishakauka, natoboa kwa drili yenye ncha ngumu ya kabaidi, ubao ukiwa umebanwa nyuma ili tabaka la mwisho lisichanike drili inapotokea. Barakoa ni lazima; vumbi la kioo si la kuchezea. Kwa bolti ya milimita 8 natoboa tundu la 12, naingiza bushi ya chuma (kijibomba kifupi ambamo bolti hupita) na kuigandisha kwa epoksi. Kwa kuwa sasa tundu ni 12, kutoka katikati yake hadi ukingoni naacha angalau mara tatu ya hiyo, yaani milimita 36. Bushi naifanya fupi kwa unywele mmoja kuliko unene wa faiba: washa (kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati na kichwa cha bolti) inaibana faiba kidogo, kisha chuma kinapokea na kuzuia isipondeke.

Washa nayo iwe pana, ya milimita 24 au zaidi, juu na chini. Kubana huko kunazuia nyuzi za ukingo wa tundu zisifumuke na kusukumwa nje. Nilikata vipande viwili kutoka kwenye ubao mmoja wa faiba, vyote bila bushi, nikavivuta kwa cheni bloki (winchi ya mnyororo). Kilichokuwa na pini tupu, bila washa wala nati, kilianza kulia mapema, nyuzi nyeupe zikachanua mdomoni mwa tundu kisha kikaachia. Chenye washa pana iliyokazwa kiliendelea kushika kwa mvuto mkubwa zaidi, na kilipozidiwa tundu lilirefuka taratibu. Kipande hicho nimekitundika ukutani, na mteja anayedai bolti kubwa nampa akishike.

Nachagua pia bolti yenye shingo laini, ili meno yasikae ndani ya tundu na kusaga bushi. Nikikabidhi boksi namwambia mwenyewe alirudishe baada ya wiki chache nikaze nati, kwa kuwa rezini iliyobanwa huregea kidogo kidogo. Kukaza huko silipishi.