Sauti ya Juu

Mimi na swahiba wangu tulisoma sekondari pamoja, yeye akilala kitanda cha juu na mimi cha chini, tukiwa na kaseti moja ya Paul Simon na Art Garfunkel, waimbaji wa Marekani. Utepe ulipochomoka tuliurudisha kwa kuzungusha kalamu. Miaka mingi baadaye swahiba alinitembelea Arua, Uganda, akashuka basi na mkongojo.

Sisi wa West Nile tumelelewa na adungu, kinubi chetu. Nadhani ndiyo maana gita la Simon lilituingia upesi: vidole vinachagua uzi huu, kisha ule, na kila uzi unasikika. Juu yake sauti mbili zimeshikana mpaka hujui ipi ya nani. Wale wawili wamezaliwa mwaka mmoja, 1941, wakakulia Queens, New York, na kufikia 1957 walikuwa wameshatoa santuri wakijiita Tom & Jerry. Bwenini mimi nilishika sehemu ya Simon. Mwenzangu, kijana wa kwaya, alipanda juu na Garfunkel bila kukunja uso.

Baada ya kula enyasa, ugali wa kwetu, na osubi, mboga ya majani ya kunde, mjukuu wangu alitutafutia albamu yao ya 1968 kwenye simu. Mna wimbo wa wazee wawili walioketi kwenye benchi la bustani. Simon alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoandika habari za kufikisha sabini! Kabla ya wimbo huo zinasikika sauti za wazee, ambazo Garfunkel alizirekodi katika makao yao New York na Los Angeles. Shuleni tulizipeleka mbele. Jioni ile tulizisikiliza zote, hata kikohozi cha mmoja wao, na swahiba akawa anatikisa kichwa kama mtu anayewafahamu.

Nikachukua gita. Alipojaribu kupanda, sauti ilikatika. Akarudia, ikakatika palepale. Akashika koo, akatazama chini.

"Kaka," nikamwambia, "Garfunkel mwenyewe alipotelewa na sauti 2010. Ilimchukua miaka kuirudisha."

Alinyamaza kidogo. "Basi tushuke."

Nikalegeza nyuzi zote sita, tukaanza upya. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, na kila neno alilitamka taratibu. Ile ya bwenini ilikuwa tamu, sikatai. Lakini hii ilikuwa imemzika mke, imesomesha watoto, na maneno ya wazee wa kwenye benchi yakamkaa mdomoni kama yake. Naipenda kuliko ile ya zamani.

Mke wangu alitoka kutuuliza kama hatulali.

"Shemeji," swahiba akamwambia, akimsogezea kiti, "njoo utushikie ile ya juu."

Ameusikia wimbo huo tangu nilipomuoa. Akajifunga khanga vizuri, akaketi, akaingia mahali penyewe hasa.